Simu Iliyokwenda Yaeda Chini

Katesh,
4 Juni 2025

Shikamoo Shangazi Hilaria,

Natumaini barua hii utaipata mkononi, maana Meshack wa basi ameniapia kwamba safari hii hataiacha dukani kama ile ya Pasaka. Mimi ni mzima. Katesh kuna upepo tu, vumbi la sokoni linaingia mpaka kwenye mafaili ya masjala, na Mlima Hanang umejifunika wingu wiki nzima. Wasalimie sana kaka Cyprian na mkewe, wifi Agatha. Mwambie mdogo wangu Zita nimesikia habari za mchumba na kwamba asiniletee kadi ya mchango kabla sijamwona huyo kijana.

Sasa neno lenyewe. Kwenye kifurushi kuna simu. Tafadhali usiifungie kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kuna mradi umekuja hapa unaitwa Tembea Nasi, wa kuwasaidia watu wazima kupunguza uzito kwa simu. Unaifunga kiunoni kwa hiyo kamba ya kijani, inahesabu hatua zako, inakuuliza umekula nini, na mara kwa mara unaiandikia uzito wako. Kila mtumishi wa halmashauri ameruhusiwa kuandikisha ndugu mmoja, na mimi nimekuandikisha wewe. Taarifa zako zitanifikia hapa ofisini kwenye kompyuta. Agatha atakuonyesha namna ya kuichaji kwenye sola.

Najua umeshaanza kununa. Lakini nilikuwepo daktari alipokwambia sukari imepanda, na kwamba kilo mia moja na nne ni nyingi kwa mwanamke wa kimo chako. Alisema usipopungua, utaanza sindano, na baada ya sindano miguu. Baba aliambiwa maneno hayo hayo akacheka, na unajua yaliyofuata. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Mwanao,
Leticia


Daudi,
19 Juni 2025

Mwanangu Leticia, marahaba,

Barua yako imenikuta nimekaa, na tangu simu yako iingie humu ndani haitaki nikae. Sisi wote ni wazima. Ngano imeanza kubadilika rangi, vitunguu saumu tumeshavianika, na yule ng'ombe mwenye baka amezaa jike. Usishangae kuona nakuandikia karatasi ilhali umenipa simu. Kwenye simu huwa unanikatiza. Hapa utanisoma mpaka nimalize.

Nikuambie alichonifanyia mgeni wako. Jumapili walikuja wazee wa upande wa mchumba wa Zita. Tumewakaribisha vizuri, wamekula makande na nyama, wamekunywa, na mkubwa wao, Mzee Felician, alikuwa amekohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kuingia kwenye maneno ya mahari. Mara kiunoni kwangu sauti ya mwanamke wa mjini ikasema kwa nguvu, "Umekaa muda mrefu mno. Tafadhali simama, uondoke hapo ulipo."

Wazee wakatazamana. Mzee Felician akachukua fimbo yake akasimama, na wenzake wakasimama, wakatoka bila kuaga. Cyprian aliwakimbilia mpaka mtoni kuwaeleza kwamba aliyewafukuza si mama, ni kiuno cha mama. Sikuona kama maelezo hayo yalisaidia. Zita hajaniongelesha tangu siku hiyo, na chai ananiletea bila kunitazama.

Tena kuna jambo ambalo huko ofisini hamkulifikiria. Huku kwetu mama mkwe akikonda, anayesemwa ni mke wa mwanawe. Watasema Agatha ananipa chakula kwa kunipimia. Au watasema nina ugonjwa ninaouficha. Unene wangu ndio ushahidi kwamba Cyprian ameoa vizuri.

Lakini usiwe na hofu, mimi si mtu wa kurudisha zawadi. Simu nimeitafutia utaratibu mzuri, na tangu hapo haijanisemesha neno baya. Endelea kusoma taarifa zako.

Kwani wewe una kilo ngapi siku hizi?

Shangazi yako,
Hilaria


Katesh,
14 Julai 2025

Shikamoo Shangazi,

Pole sana kwa yaliyotokea mbele ya wazee. Nimecheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka, halafu nikacheka tena. Mwambie Zita nitamtafutia kitenge cha kumbembeleza. Hapa tunaendelea. Baridi ya Julai imetukamata, na bosi wetu ameanza kuja kazini na blanketi.

Shangazi, sijui nianze wapi kukupongeza. Hatua zako zimepanda mpaka watu wa mradi wakadhani mashine imeharibika. Unaanza kutembea kabla jua halijatoka na unakaa likishazama. Ofisi nzima sasa inakufahamu kwa jina. Mtu akilalamika amechoka kupanda ngazi anaambiwa, "Mama wa Daudi angeshafika."

Nina maswali mawili tu, na nauliza kwa heshima. La kwanza ni la chakula. Asubuhi unaandika "maziwa". Mchana unaandika "maziwa". Jioni unaandika "asali". Ugali umeuacha lini? Mimi nakufahamu, wewe hata ukiugua malaria unaomba ugali na mlenda. La pili, simu hii inaonyesha pia mahali ulipo kwenye ramani, na kwa ramani hiyo wewe uko Yaeda Chini. Si siku moja, ni karibu mwezi sasa. Ulishukaje lile bonde, Shangazi? Njia ile hata magari ya serikali hulala huko. Na umefuata nini?

Nimefurahi mno lakini. Nilikuwa nimezoea kuwaza mabaya simu ikiita asubuhi. Siku hizi naamka na kwenda kuangalia kompyuta, na ninakuta umeshaanza kutembea.

Leticia


Daudi,
2 Agosti 2025

Mwanangu Leticia, marahaba,

Tuko katika kuvuna ngano, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi. Mashine ya kuvunia imechelewa, wanasema iko kwa watu wakubwa kwanza. Agatha anakusalimu. Zita ameanza kunitazama, ila kwa jicho moja. Kwa wazee bado kimya.

Umeuliza habari za Yaeda. Mtu mzima haulizwi anakwenda wapi, lakini kwa kuwa umeuliza kwa heshima nitajibu kwa heshima. Unajua kwamba kiangazi ng'ombe wetu hushushwa Yaeda Chini kwa Lameck, mdogo wa marehemu mume wangu Bura. Mwenye ng'ombe ana haki ya kuwa mahali walipo ng'ombe wake. Sijasema nilikwenda wala sijasema sikwenda. Nimesema nina haki.

Kuhusu asali, asali ya Yaeda ni nzuri, kila mtu anajua hivyo.

Swali langu hukulijibu. Labda wino ulikuishia.

Hilaria


Katesh,
21 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za wengine nitazileta nikishatulia.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa na chai mkononi, kompyuta ikalia. Ikaandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Hongera Hilaria! Umepungua kilo 47. Endelea hivyo hivyo!" Chini yake kwa rangi nyekundu: "Muone daktari leo."

Chai yote iliishia kwenye sketi. Nilipiga namba yako, haipatikani. Nilipiga ya Cyprian, haipatikani. Nilijua umelala kitandani umebaki mifupa na kwamba mnanificha, kama mlivyonificha habari za baba mpaka nikakuta watu wameshajaa uwanjani. Wenzangu walishaanza kunitafutia gari. Mwisho nikampata Katekista Yohanes. Nikamwambia huku nalia, "Katekista, niambie ukweli, Shangazi yuko katika hali gani?" Akasema, "Nimetoka naye kanisani sasa hivi. Amejaa kwenye benchi lake kama kawaida, na ameimba kuwashinda kwaya."

Sasa naomba nielezwe. Ni nani huyo mwenye kilo hamsini na saba anayetembea na jina lako huko Yaeda Chini, anakula asali? Njia ya mwongo ni fupi, Shangazi, hata ikifika bondeni.

Bado sijafika kwenye baya zaidi. Katekista alimpa simu Agatha, aliyekuwa anapita, na Agatha akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Kwamba mwezi uliopita ulitoka shambani na kandambili moja. Ya pili ilikuvuka njiani, ukatembea mpaka nyumbani juu ya mawe bila kujua, yeye ndiye aliyekuja nayo mkononi akakuuliza kama si yako. Mguu umekufa ganzi kiasi hicho na wewe unaniandikia habari za mashine ya ngano.

Na mradi wamekuandalia sherehe. Mwezi ujao wanataka usimame mbele ya watu hapa Katesh uwe mfano. Bango limeshachapwa. Lina jina lako kwa herufi kubwa, na nafasi ya picha yako wameiacha wazi.

Leticia


Daudi,
6 Septemba 2025

Leticia,

Marahaba. Mimi ni mzima, hata kama kwa kompyuta yako nimebaki nusu.

Umeniita mwongo. Nimesoma mara mbili nikidhani ni macho. Basi kaa chini nikufundishe, maana inaonekana ukikaa sana Katesh unasahau ulikotoka.

Ng'ombe ukimfugisha kwa mtu, anayemchunga ni yule mtu, anayemkamua ni yule mtu, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Mume wangu Bura alikufa akiwa na ng'ombe wengi Yaeda kuliko waliokuwa zizini hapa, na hakuna mtu Mbulu nzima aliyemwita mwongo kwa kusema ni wake. Ndivyo tunavyofanya, ili ukame au ugonjwa ukipita kwako usikumalize. Basi mimi simu nimeifugisha kwa Lameck. Yeye anapata tochi na redio, mimi napata hatua. Kosa liko wapi?

Na Lameck ni mwaminifu, nataka ulijue hilo. Alichokula ndicho alichoandika. Alichopima kwenye mizani ya mnadani ndicho alichotuma, wala hakujiongezea hata kilo moja. Nimemweleza habari za bango na yuko tayari kuja. Anauliza avae nini.

Habari ya kandambili ni kwamba Agatha ana mdomo. Nilikuwa nawaza mambo mengine. Mtu akiwaza, kiatu kinaweza kumvuka.

Sasa ngoja nikuulize na wewe. Meshack alipokuletea mahindi mabichi mwezi ule, uliingia ndani kutafuta gunia la kumrudishia, naye akatazama ukutani. Anasema karibu na kalenda imening'inia simu kama yangu, na kamba yake ya kijani. Anasema ina vumbi. Anasema tena kwamba asubuhi unapanda bodaboda kwenda ofisini, na ofisi yenyewe unaiona ukisimama mlangoni kwako. Nyani haoni kundule, mwanangu. Mara ya tatu nakuuliza, una kilo ngapi?

Hilaria


Katesh,
11 Oktoba 2025

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nakasirika, na nikimaliza kukasirika nalia, na karatasi ya ofisi haivumilii machozi. Poleni na kiangazi. Nimesikia mvua bado hazijagusa Daudi.

Nina kilo tisini na nane. Nina miaka thelathini na mbili. Presha nimeanza kupimwa. Sheria ya mradi ilikuwa kwamba mtumishi mwenye uzito mkubwa ajiandikishe na ndugu yake mmoja, na mimi niliposoma hivyo nilifurahi, nikajua nitakuangalia wewe nisijiangalie. Haya, sasa unajua.

Mradi nimewaeleza ukweli mbele ya watu sita. Mkubwa wao aliniuliza, "Kwa hiyo huyu bwana Lameck ni mgonjwa wetu?" Nikamwambia hapana, yeye ni mzima kabisa, anachunga tu. Bango wameligeuza upande wa nyuma, wamelitandika mezani kwenye mkutano wa maji. Walitaka kukufuta, nikawaomba wasikufute bado.

Lakini si hilo ninaloandikia. Baba alianguka mnadani, anaongea, mkono uko hewani anataja bei. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku tuliyomzika ulinishika mkono mbele ya watu wote, ukasema, "Sasa wewe ni wangu." Hukuniuliza, ulisema tu, na mimi nikajua mahali pa kulala pamepatikana. Ulinilisha, ulinisomesha, ulinichapa nilipostahili na siku moja nisipostahili. Shangazi, ukifa kwa jambo ambalo daktari amekueleza kwa Kiswahili chepesi kabisa, mimi nitakuwa wa nani?

Sina maneno ya kuchekesha leo.

Leticia


Daudi,
16 Oktoba 2025

Mwanangu Leticia,

Marahaba, tena marahaba. Meshack alinipa barua yako nikiwa shambani, nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa juu ya tuta kama mtu aliyepigwa.

Nitakwambia na mimi. Ganzi si kidogo. Nikiukanda mguu wa kulia naona kama nakanda mguu wa mgeni. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, na mtu mkubwa akiogopa huwa anaongea sana habari za ngano. Juzi nimekwenda hospitali na Agatha. Daktari amesema bado tuko katika muda, nitembee nikiwa na viatu vya kufunika vidole, nipunguze ugali na samli, na kila jioni Agatha anikague nyayo. Kwa hiyo sasa mke wa mwanangu ananishika miguu kama farasi wa mzungu. Amenifungia na samli. Ufunguo anao kifuani.

Lakini tusidanganyane. Mimi najijua na wewe nimekusoma. Kitu changu mwenyewe nitakitunza wiki moja, halafu nitakipa sababu. Na chako umekitundika ukutani. Tuko sawa, ni damu ya babu yako Joakimu. Ila hajazaliwa mtu wa kusema kwamba Hilaria alilaza na njaa ng'ombe wa mtu. Wangu nimewahi kuwasahau zizini mpaka saa nne. Wa watu nimewachotea maji nikiwa na mimba ya Zita.

Basi nimefikiri hivi. Niletee simu yako, hiyo ya ukutani, na mimi nakutumia yangu. Lameck ameirudisha kwa manung'uniko. Mimi nitembee kwa jina lako, wewe utembee kwa jina langu. Nikikaa, kompyuta itasema Leticia amekaa. Na mimi sitakubali mtoto wa kaka yangu asomwe mvivu mbele ya ofisi nzima. Waambie watu wa mradi wazi wazi, tusifiche tena. Wakikataa, waambie ni desturi. Watu wa miradi wakisikia desturi hutoa kalamu na kuandika.

Hilaria


Katesh,
20 Novemba 2025

Shikamoo Shangazi,

Walitoa kalamu wakaandika, kama ulivyosema. Kisha wakasema tujaribu mwezi mmoja, ila kila mtu apimwe uzito na muuguzi, si mnadani. Mvua zimeanza huku, na barabara ya kwenda sokoni ni tope tupu. Wote hapa wanakusalimu, hata waliokuwa wamekasirikia bango.

Shangazi, umeniweza. Simu hii yako haina huruma. Jana nikiwa katikati ya kikao, mbele ya mkuu wa idara, ikasema, "Hilaria, umekaa muda mrefu mno." Kila mtu akanigeukia. Nikasimama. Nikasema, "Samahani, ni shangazi," nikatoka kuzunguka jengo.

Wiki ya kwanza kulikuwa na mvua ya mawe na nilishaita bodaboda. Yuko mlangoni, injini inanguruma. Nikatazama simu nikaona jina lako, na chini yake hatua chache kama za mtu anayeugulia kitandani. Sikuweza. Nilimwambia aende, nikavaa mabuti. Muuza chipsi wa stendi naye amenisimamisha kuuliza kama tumegombana, maana hanioni.

Na mimi nakuona, Shangazi. Au tuseme najiona. Kwa kompyuta, Leticia anaamka mapema, anakwenda mpaka mtoni na kurudi, Jumapili anazunguka kanisa. Nampenda huyo Leticia. Natamani awe mimi.

Nimepungua kilo nne. Mradi unaisha mwanzoni mwa Desemba na simu zote watazikusanya. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Simu zikishaondoka, sijui tutafanyaje.

Leticia


Daudi,
9 Desemba 2025

Mwanangu Leticia, marahaba,

Mvua imenyesha vizuri, tumepanda maharage, na tope limefika mpaka jikoni. Yule ndama jike amekuwa mkorofi kuliko mama yake. Zita anakusalimu kwa macho yote mawili, na sababu ni hii.

Siku moja nilikuwa natembeza jina lako barabara ya juu, naenda kwa kasi maana nilikuwa nimechelewa. Mbele yangu nikamwona Mzee Felician na fimbo yake. Sikutaka kuonana naye, lakini nilikuwa sijatimiza hatua, na kugeuka nyuma ningepoteza mwendo. Akasikia viatu, akageuka, akaniona mwanamke mzima nakuja mbio natweta, jasho linanitoka. Akasema, "Mama, umetembea njia yote hii kwa miguu kuja kuomba radhi?" Mwanangu, kuna wakati wa kusema kweli na kuna wakati wa kuvuta pumzi. Mimi nilivuta pumzi. Akanishika mikono yote miwili, akasema yamekwisha, na Jumamosi wakarudi kumaliza maneno. Posa imekubaliwa.

Daktari amepima sukari. Imeshuka. Hajaitaja sindano, na alipouliza nimefanyaje Agatha akamwambia kwa kujigamba, kana kwamba aliyetembea ni yeye. Nimepungua kilo saba. Watu wameanza kusema, kama nilivyojua watasema. Mama mmoja kanisani ameniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwangu chakula kipo. Nikamjibu kwa sauti ya juu kwamba chakula kipo tele, ila kimefungiwa.

Kwenye mguu, kidole gumba kimeanza kusikia baridi. Nililia siku hiyo, kwa sababu ya baridi ya kidole.

Simu yako wameichukua jana. Walikuja na gari, wakanipa cheti. Nilipowaona wanaondoka nayo nilisikia kama wamenichukulia ng'ombe wa mtu. Leo asubuhi nimekaa, na hakuna aliyeniambia nisimame. Usiniulize nitatembea au sitatembea. Mimi nami sikuulizi.

Hilaria


Katesh, mlangoni kwako,
27 Desemba 2025, saa kumi jioni

Leticia,

Nakuandikia nyuma ya kalenda ya jirani yako, Mama Genoveva, naye ndiye aliyenipa kalamu na kigoda. Nimekuja bila kukwambia. Nilitaka kukukamata.

Niliposhuka stendi wenye bodaboda walinizunguka, kila mmoja ananiita mama. Nikawaambia wakae kando. Nimetembea mpaka hapa kwa miguu yangu, kwenye jua hili, na mfuko wa maharage kichwani. Nilitembea nikikupangia maneno. Nilijua nitakukuta umelala, maana ni sikukuu na hakuna simu ya kukusimamisha.

Nimebisha hodi mpaka mkono ukauma. Mama Genoveva akatoka akasema hupo. Nikamuuliza amekupeleka nani, bodaboda gani? Akasema, "Hakupelekwa na mtu. Anatoka kila siku saa hizi, anaelekea njia ya mlimani kwa miguu." Sikumwamini. Akanipa simu yake nikupigie. Nikasikia inaita humo ndani, mezani kwako.

Umetoka bila hata simu, mwanangu. Hakuna anayekuhesabu.

Nimekaa hapa mlangoni nikalia mpaka Mama Genoveva akadhani nimeleta msiba. Nimemwambia hapana, leo hakuna aliyekufa, na hafi mtu mwaka huu.

Nimepumzika vya kutosha, nakufuata huko huko mlimani. Maharage nimeyaacha kwake. Ukirudi ukakuta karatasi hii, kaa ndani unisubiri, usitoke tena, maana tukianza kutafutana sisi wawili kwa miguu hatutaonana leo.

Shangazi yako